Ganda la Korosho: Historia ya Mali Tuliyoizoea Kuiita Taka

Wahenga walisema: ganda la muwa la jana, chungu kaona kivuno. Kinachotupwa na mmoja ni mavuno ya mwingine. Methali hiyo inafaa kufungulia mjadala kuhusu korosho, zao ambalo tangu enzi za ukoloni limeuzwa kutoka kusini mwa Tanzania likiwa bado ndani ya ganda lake. Tunapozungumzia bei katika minada ya Mtwara, Lindi na Tunduru, fikra zetu huenda kwenye kiini cheupe kinacholiwa. Mizani haifikiri hivyo. Katika kila kilo 100 za korosho ghafi zinazopakiwa melini, takriban kilo 70 ni ganda, na kiini hakifiki kilo 30. Kwa hesabu ya uzito, basi, Tanzania ni muuzaji wa maganda.

Jambo hilo lingeweza kuchekesha tu kama ganda lingekuwa takataka kweli. Kwa takriban miongo miwili sasa wanakemia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na wenzao wa vyuo vya ng'ambo, wameonyesha kwamba ndani ya ganda hilo mna malighafi inayoweza kuchukua nafasi ya kemikali kadhaa zinazotokana na mafuta ya petroli. Utafiti huo ni sehemu ya taaluma inayoitwa kemia ya kijani. Nia yangu katika makala haya ni kuusimulia utafiti huo sambamba na historia ya zao lenyewe, kwa kuwa naamini kimoja hakieleweki bila kingine. Maabara imejibu maswali mengi iliyoulizwa. Swali kubwa lililobaki linahusu maamuzi ya watu walio nje ya maabara, na baadhi yao ni wasomaji wa makala haya.

Kilichomo ndani ya ganda

Mtu aliyekulia Newala, Masasi au Mkuranga hahitaji mwalimu wa kemia kumwambia kwamba ganda la korosho linaunguza. Likipasuliwa bichi linatoa utomvu mzito wa kahawia unaobabua ngozi na kuacha madoa ambayo sabuni haiyaondoi. Waliowahi kuchoma korosho juu ya kipande cha debe wanaujua moshi wake mkali na jinsi ndimi za moto zinavyoruka ghafla pale mafuta yanaposhika moto. Utomvu huo ni silaha ya mmea: hukilinda kiini dhidi ya wadudu na wanyama mpaka mbegu iote.

Mwaka 1847 mwanakemia Mjerumani Georg Städeler alitenganisha viambata viwili vya utomvu huo, asidi ya anakadi na kadoli. Majina hayo yametokana na Anacardium, jina la kisayansi ambalo Linnaeus aliupa mkorosho mwaka 1753. Leo tunajua zaidi. Kati ya robo na theluthi ya uzito wa ganda ni mafuta. Katika mafuta yaliyokamuliwa bila moto, asidi ya anakadi huchukua asilimia 60 hadi 70, kadoli asilimia 15 hadi 20, na kiambata cha tatu, kadanoli, karibu asilimia 10. Mafuta hayo yakipashwa joto la karibu nyuzi 200, asidi ya anakadi hutoa hewa ukaa na kugeuka kadanoli. Ndiyo maana mafuta yanayotoka kwenye viwanda vinavyotumia joto kubwa huwa kwa sehemu kubwa ni kadanoli.

Molekuli ya kadanoli ina kichwa na mkia. Kichwa ni fenoli, kitu kilekile ambacho viwanda vya dunia hukitengeneza kutokana na petroli ili kupata gundi za mbao, plastiki ngumu, rangi na dawa. Mkia ni mnyororo wa kaboni 15, na mara nyingi una viungo pacha ambavyo mwanakemia anaweza kuvikata au kuviunganisha na kitu kingine. Kwa hiyo mkorosho unampa mtaalamu, bila kisima wala mtambo wa kusafishia petroli, molekuli iliyokwisha kufanyiwa nusu ya kazi. Tena mkorosho huzaa kila mwaka. Na kwa kuwa ganda haliliwi, kulipeleka kiwandani hakumnyang'anyi mtu chakula, jambo ambalo haliwezi kusemwa kuhusu mahindi au mawese yanayogeuzwa nishati.

Wenzetu waliliona hili mapema. Katika miaka ya 1920 na 1930 Mmarekani Mortimer T. Harvey alijipatia hataza nyingi za matumizi ya mafuta ya ganda la korosho. Mojawapo ya matumizi yaliyodumu ni katika pedi za breki: mafuta hugandishwa kuwa resini, resini husagwa kuwa unga, na unga huo huchanganywa katika pedi ili breki zishike vizuri zinapopata moto. Magari mengi ya karne ya 20 yalisimama kwenye mataa ya miji mikubwa kwa msaada wa ganda ambalo mkulima wa Tandahimba hakuwahi kulipwa hata senti kwa ajili yake. Leo hii kampuni ya Kimarekani ya Cardolite, iliyojengwa juu ya kemia hiyo, ina viwanda India na China.

Mti wa Brazil, mikono ya Kollam

Mkorosho ni mgeni aliyegeuka mwenyeji. Asili yake ni Brazil, na waliouleta pwani ya Afrika Mashariki ni Wareno katika karne ya 16. Hata jina kanju, ambalo baadhi ya watu wa pwani huliita tunda lake, linasikika kama caju la Kireno, nalo Wareno walilichukua kutoka lugha ya Watupi wa Brazil. Kusini, miongoni mwa Wamakonde, Wamakua na Wayao, mti huu ulipendwa kwa sababu unavumilia udongo wa kichanga na kiangazi kirefu, na hauhitaji palizi ya kila wiki.

Biashara ya korosho ghafi ilikua chini ya utawala wa kikoloni. Wafanyabiashara wenye asili ya India walinunua vijijini na kusafirisha hadi Kollam, katika jimbo linaloitwa sasa Kerala, ambako maelfu ya wanawake wa ujira mdogo walibangua kwa mikono. Walijipaka majivu au mafuta ili utomvu usiwababue, na bado vidole vyao viliungua. Kiini kikaenda Ulaya na Marekani kuliwa, na mafuta ya ganda yakawa bidhaa ya pili ya viwanda vya India.

Tuutazame vizuri mpangilio huo. Mkulima wa Tanganyika alilipwa kwa mbegu. Mwanamke wa Kollam alilipwa kwa kubangua. Mwenye kiwanda alilipwa kwa kiini na kwa mafuta. Mwenye hataza alilipwa kwa maarifa. Kadiri ganda lilivyosogea mbali na shamba ndivyo thamani yake ilivyopanda, na kadiri lilivyokuwa karibu na shamba ndivyo lilivyoitwa taka.

Viwanda vilivyofika zao likiondoka

Serikali huru iliuona mpangilio huo na ilitaka kuuvunja. Si haki kusema kwamba viongozi wa kizazi cha kwanza hawakufikiria ubanguaji. Walifikiria, na walikopa kwa ajili yake. Mamlaka ya Korosho Tanzania iliundwa mwaka 1973, na msimu wa 1973/74 nchi ilivuna takriban tani 145,000, rekodi iliyosimama kwa miongo mingi. Kwa mikopo ya Benki ya Dunia na ya nchi kama Italia na Japani, vikajengwa viwanda kumi na viwili vikubwa, vingi vikiwa katika mikoa ya kusini.

Baadhi yake vilitumia teknolojia ya Kiitaliano, ambamo korosho nzima huzamishwa katika mafuta ya maganda yaliyochemka. Joto hulifanya ganda likauke na kukatika kwa urahisi, nalo huachia mafuta yake ndani ya pipa lile lile. Maana yake ni kwamba kiwanda cha namna hiyo kinazalisha bidhaa mbili kwa wakati mmoja: kiini na mafuta yenye kadanoli. Kwa mtazamo wa kemia, mbegu ya kiwanda cha kemikali ilikwisha kupandwa Mtwara na Lindi nusu karne iliyopita.

Ila viwanda vilikamilika wakati zao lenyewe linaanguka. Operesheni ya vijiji iliwahamisha wakulima kutoka kwenye makazi yao yaliyotawanyika katikati ya mikorosho na kuwapeleka kwenye vijiji vilivyokuwa mbali na miti yao. Mti wa korosho usipofyekewa chini yake huliwa na moto wa kiangazi au humezwa na pori, na mbegu zilizoanguka haziokoteki. Bei aliyolipwa mkulima ilikuwa ndogo. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976. Mwaka 1979 ukathibitishwa ugonjwa wa ubwiri unga, ambao hushambulia maua kabla hayajafunga tunda. Kufikia msimu wa 1986/87 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000. Mitambo mikubwa ya kigeni, yenye vipuri vinavyoagizwa kwa fedha za kigeni ambazo hazikuwepo, ikawa inasubiri korosho ambayo haiji. Viwanda vingine havikuwahi kufanya kazi kwa ukamilifu hata msimu mmoja. Mikopo ilibaki pale pale.

Kusini walikuwa wameonja kitu kama hicho kabla ya uhuru. Mradi wa Karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947, uliwaachia bandari ya Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea, kisha mradi ukafutwa na baadaye reli nayo ikang'olewa. Katika miradi yote miwili mitambo ilitangulia, na maswali kuhusu mkulima, udongo na bei yakafuata nyuma. Tofauti ni kwamba safari ya pili mwenye mradi alikuwa sisi wenyewe.

Kilicholiokoa zao hakikuwa kiwanda. Watafiti wa kituo cha Naliendele, nje kidogo ya mji wa Mtwara, waliwafundisha wakulima kupulizia unga wa salfa wakati wa maua, wakazalisha miche bora, na biashara ilipolegezwa masharti mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakulima wakarudi kwenye miti yao. Hilo ni somo la kukumbukwa na kila anayedhani utafiti wa umma ni anasa. Lakini viwanda vilipobinafsishwa, vingi vikageuzwa maghala ya kuhifadhia korosho ghafi. Mlango wa kiwanda cha kubangulia ukawa mlango wa kutokea melini.

Jirani zetu wa Msumbiji walipita njia nyingine wakafika pale pale. Walikuwa na viwanda vingi vilivyofanya kazi. Katikati ya miaka ya 1990, kwa shinikizo la Benki ya Dunia, walipunguza kodi ya kusafirisha korosho ghafi kwa hoja kwamba mkulima angepata bei nzuri zaidi. Viwanda vikubwa karibu vyote vilifungwa, na maelfu ya wafanyakazi, wengi wao wanawake, wakapoteza ajira. Ganda la Nampula nalo likapanda meli.

Kemia ya kijani inazaliwa, na Dar es Salaam inajiunga

Katika miaka hiyo hiyo ambapo viwanda vya kusini vilikuwa vinageuzwa maghala, taaluma ya kemia ilikuwa inajihoji. Kwa karne nzima wanakemia walikuwa wamezoea kutengeneza kwanza na kusafisha uchafu baadaye. Mwaka 1998 Wamarekani Paul Anastas na John Warner walichapisha kitabu kilichoweka kanuni kumi na mbili za kemia ya kijani. Nitataja chache zinazogusa mada yetu: zuia taka badala ya kuisafisha, tumia malighafi inayojirudia badala ya inayokwisha, tumia vichocheo badala ya kemikali nyingi zinazotupwa, tengeneza vitu visivyomdhuru anayevitengeneza wala anayevitumia. Mwaka 1999 jarida maalumu la taaluma hii lilianzishwa Uingereza, na Chuo Kikuu cha York, chini ya James Clark, kikawa mojawapo ya vituo vyake vikuu.

Watanzania walikuwepo York tangu mwanzo. James Mdoe na Egid Mubofu, ambao baadaye walifundisha Dar es Salaam, walifanya utafiti na kuchapisha huko pamoja na Clark na Duncan Macquarrie kuhusu vichocheo vilivyobandikwa juu ya silika. Kichocheo kilichobandikwa namna hiyo kinaweza kuchujwa kazi ikiisha na kutumika tena, badala ya kumwagwa. Waliporudi, hawakurudi na mada ya Uingereza tu. Waliitafuta nyumbani, na wakaikuta katika ganda.

Mfano mmoja unaonyesha uzuri wa fikra hiyo. Silika yenye matundu madogo madogo hutengenezwa kwa kutumia kalibu: kitu cha mafuta huwekwa katikati, silika huganda kukizunguka, kisha kalibu huondolewa na kuacha matundu. Kwa kawaida kalibu hiyo ni kemikali ya kununua kwa bei kubwa. Mwaka 2011 Mubofu, Mdoe na mwenzao Kinunda walichapisha kazi ambamo kalibu ilikuwa mafuta ya ganda la korosho. Matundu yaliyopatikana yalikuwa makubwa kiasi cha kuhifadhi kimeng'enya cha kuvunja sukari, na kimeng'enya hicho kikaendelea kufanya kazi kikiwa humo. Miaka minne kabla, mwaka 2007, Joseph Philip, Joseph Buchweishaija na wenzao walikuwa wameitumia asidi ya anakadi kutengeneza polima zinazoweza kutambua na kunasa molekuli fulani, kama kufuli inavyotambua ufunguo wake.

Ushirikiano mwingine uliwafikisha Chuo Kikuu cha St Andrews, Uskoti, kwa David Cole-Hamilton. Mwaka 2016 James Mgaya, Mubofu, Quintino Mgani na wenzao walieleza jinsi ya kuigeuza kadanoli, kwa kichocheo cha paladiamu, kuwa molekuli zenye ncha mbili zinazofaa kuunganishwa kuwa polima. Watafiti wa St Andrews waliendelea katika pande nyingine. Walitengeneza kutokana na kadanoli mbadala wa nonilifenoli, malighafi ya sabuni za viwandani ambayo Umoja wa Ulaya uliiwekea vizuizi mwaka 2003 kwa sababu huvuruga homoni za samaki na viumbe wengine wa majini. Wakishirikiana na wenzao wa Ujerumani, walitengeneza vivutio vya mbung'o: harufu zinazowavuta wadudu hao kwenye mitego, kama vile wanavyovutwa na harufu ya ng'ombe. Mwaka 2019 ikaja kazi ya kutengeneza dawa kadhaa za binadamu kutokana na kadanoli hiyo hiyo. Na mwaka huo huo watafiti wa Afrika Kusini, Ujerumani, Malawi, Namibia na Tanzania walionyesha kwamba ganda la korosho linaweza kutoa viambata vya kuzuia miale mikali ya jua, kinga ambayo ndugu zetu wenye ualbino wanaihitaji kuliko mtu mwingine yeyote.

Mbung'o, sabuni, dawa, kinga ya jua: haya yote ni mahitaji yetu wenyewe. Mfugaji wa nyanda zenye mbung'o na mtoto mwenye ualbino wa Ukerewe wanaishi katika nchi ile ile inayosafirisha ganda lenye malighafi ya kuwasaidia.

Nani mwenye ganda?

Hapa ndipo historia ya maabara na historia ya shamba zinapokutana. Mtafiti wa Dar es Salaam anahitaji kilo chache za maganda kwa jaribio, na kilo chache hupatikana. Kiwanda kinahitaji maelfu ya tani, kila mwaka, mahali pamoja, yenye ubora unaolingana. Maganda ya namna hiyo hayapo nchini, kwa sababu sehemu kubwa ya korosho yetu hubanguliwa India na Vietnam. Ganda liko kule.

Tufanye hesabu rahisi. Msimu wa 2017/18 nchi ilivuna zaidi ya tani 300,000. Asilimia 70 ya tani 300,000 ni tani 210,000 za maganda. Tukichukua kwamba robo tu ya uzito huo ni mafuta, tunapata zaidi ya tani 50,000. Hakuna mtambo unaokamua yote, na sisemi kwamba yote yangepata soko. Lakini hicho ndicho kipimo cha kile kilichomo ndani ya magunia ambayo mnada unayapigia bei kana kwamba ni kiini peke yake.

Msimu uliofuata ulituonyesha udhaifu wetu waziwazi. Wanunuzi walitoa bei ambayo wakulima waliikataa, na Novemba 2018 Rais John Magufuli akaagiza serikali inunue korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, Jeshi la Wananchi likisimamia ukusanyaji na usafirishaji. Watu wamelijadili tukio hilo sana kama suala la bei na la madaraka. Mimi naliona pia kama suala la ganda. Nchi iliyotaka kukataa bei ya mnunuzi iligundua kwamba haina pa kuipeleka korosho yake, kwa kuwa uwezo wa viwanda vilivyokuwepo ulikuwa mdogo mno ukilinganishwa na shehena iliyojaa maghalani. Asiyeweza kubangua hawezi kukataa bei.

Miezi michache kabla ya hapo, Juni 2018, Bunge lilikuwa na mjadala mkali ambao wanafunzi wa sera wanapaswa kuusoma. Korosho ghafi inayosafirishwa nje hutozwa ushuru, na sheria ilikuwa imetenga asilimia 65 ya ushuru huo kwa ajili ya kuendeleza zao lenyewe, pamoja na pembejeo na utafiti. Marekebisho ya mwaka huo yaliupeleka ushuru wote katika Mfuko Mkuu wa Serikali. Wabunge wa kusini walipinga, wakashindwa. Hoja ya serikali kwamba fedha za umma zikae katika kapu moja ina mantiki yake ya kihasibu. Ila ushuru ule ulikuwa ndio uzi pekee wa kisheria uliounganisha gunia linalotoka na utafiti unaobaki. Ulipokatwa, mtafiti wa korosho alirudi kwenye foleni moja na waombaji wengine wote.

Wapo watakaosema kwamba tatizo ni serikali kutowajua wanasayansi wake. Kumbukumbu za umma zinasema vingine. Buchweishaija alikuja kuwa Katibu Mkuu katika Wizara ya Viwanda na Biashara. Mdoe akawa Naibu Katibu Mkuu wa Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia. Waliojua kilichomo ndani ya ganda waliketi katika ofisi za juu za dola, na ganda likaendelea kupanda meli. Sisemi hivi kuwalaumu. Nasema hivi kuonyesha kwamba maarifa ya mtu mmoja, hata akiwa na cheo, hayawezi kuziba nafasi ya muundo: mkataba wa ununuzi, ushuru, umeme wa uhakika, mkopo wa muda mrefu, na soko lililofungwa kwa makubaliano.

Historia inatufundisha nini

Serikali imetangaza zaidi ya mara moja nia ya kukomesha usafirishaji wa korosho ghafi. Nia hiyo naiunga mkono, na ndiyo sababu nataka isirudie makosa ya viwanda kumi na viwili. Naona mafunzo manne.

La kwanza ni kwamba mkulima hutangulia mtambo. Viwanda vya miaka ya 1970 vilikufa kwa sababu aliyeshika jembe alihamishwa na kulipwa kidogo. Msumbiji, kwa upande wake, ilionyesha kwamba hoja ya bei ya mkulima inaweza kutumiwa kuua viwanda. Sera nzuri italazimika kujibu yote mawili kwa pamoja: ubanguaji wa ndani usiwe kisingizio cha kumlazimisha mkulima auze kwa hasara.

La pili, ganda lihesabiwe tangu siku ya kwanza. Kiwanda kinachopewa kibali, ardhi au msamaha wa kodi kiulizwe ganda litakwenda wapi. Wabanguaji wadogo wengi hulichoma kama kuni, na moshi wake unawaumiza macho na mapafu. Maganda ya wabanguaji kumi wa wilaya moja yakikusanywa mahali pamoja yanaweza kulisha mtambo mmoja wa kukamua. Na mafuta yatakayopatikana yawe na kiwango cha ubora kinachotambulika. India imekuwa na kiwango chake cha kitaifa tangu miaka ya 1960, na mnunuzi wa kemikali hanunui pipa ambalo hajui kilichomo.

La tatu linawahusu wenzangu wa vyuo vikuu. Kati ya chupa ya maabara na tangi la kiwanda kuna daraja refu ambalo makala ya jarida hayawezi kulivuka. Kichocheo cha paladiamu ni ghali. Kiyeyushi kinachofaa katika mililita 50 kinaweza kuwa hatari katika lita 5,000. Tunahitaji mitambo midogo ya majaribio, na tunahitaji kuanza na bidhaa zisizo za makuu: vanishi, gundi ya mbao, dawa ya kukinga nguzo dhidi ya mchwa. Dawa za binadamu zitafuata baada ya mikono yetu kuzoea.

La nne ni la wanaharakati. Neno kijani lisitupumbaze. Mafuta haya yanababua, na aliyekaa karibu nayo zaidi kihistoria ni mwanamke anayelipwa kwa kilo. Kanuni za Anastas na Warner zinasema wazi kwamba kemia inayomdhuru mtengenezaji si ya kijani. Kiwanda cha Mtwara kitakachotoa kadanoli safi kwa mikono iliyoungua kitakuwa kimehamisha Kollam kuja kwetu, basi.

Msimu ujao magunia yatapangwa tena maghalani na minada itafunguliwa. Mtumishi wa umma atakayeandaa taarifa ya msimu ataandika tani, bei na mapato, kama ilivyo desturi. Ningemwomba aongeze safu moja katika jedwali lake: tani za maganda zilizobaki nchini. Kwa miaka mingi safu hiyo ingesomeka karibu na sifuri. Siku itakapoanza kupanda, utafiti wa Dar es Salaam utakuwa umepata kitu cha kufanyia kazi, na mkulima atakuwa na haki ya kuuliza sehemu yake katika ganda ambalo wazazi wake waliuza bila kujua.